Arobaini imeisha, siku zake hazijarudi: mama aliyejifungua aanze lini tendo la ndoa, na aanze lini uzazi wa mpango?

mhudumu_wa_mtaa ameuliza:

Habari zenu wadau. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mkoa wa Pwani. Kinamama wanaonyonyesha wananiuliza mambo ambayo kliniki wanaona haya kuyatamka, na majibu wanayopata mtaani yanagongana. Naomba wenye ujuzi mnijibu kwa kina, maana nitayabeba majibu haya hadi majumbani.

Arobaini ikiisha ndiyo mwili umepona? Wapo wanaorudiana siku ya 41 kwa sababu tu shughuli imeshafanyika. Aliyechanika, aliyeongezwa njia na aliyefanyiwa upasuaji, hesabu yao ni moja? Anayenyonyesha na hajaona siku zake anaweza kushika mimba? Na ni njia ipi ya uzazi wa mpango inaanza lini, ipi inaharibu maziwa?

---

Mkunga Mwandamizi amejibu:

Ndugu yangu, nianze na arobaini. Ina heshima yake na inampa mama nafasi ya kupumzika, kwa hiyo usiipige vita huko majumbani. Ila haipimi kidonda. Kondo la nyuma likibanduka huacha jeraha ndani ya mji wa mimba, karibu upana wa kiganja. Damu ya nifasi inatoka hapo: siku tatu nne za mwanzo ni nyekundu, kisha inapauka na kuwa ya kahawia au waridi, mwisho ni majimaji ya njano njano au meupe. Kwa wengi inakatika kati ya wiki ya 4 na ya 6. Wakati huo wote mlango wa kizazi haujajifunga sawasawa, na chochote kinachoingizwa ukeni kinaweza kupandisha vijidudu juu. Aliyefanyiwa upasuaji ana jeraha hilo hilo la kondo, juu ya mshono wa tumboni na ule wa kwenye kizazi, kwa hiyo naye anasubiri damu ikatike. Wengi wanadhani kwa vile mtoto hakupita njia ya chini basi huko hakuna cha kupona.

Badala ya tarehe, wafundishe dalili. Damu imekatika kabisa. Kidonda cha msamba, yaani kati ya uke na njia ya haja kubwa, hakiumi akikibonyeza kwa kidole safi. Anakojoa na kwenda choo kubwa bila maumivu. Na yeye mwenyewe anataka. Hilo la mwisho lina uzito sawa na mengine, na mume aambiwe hivyo waziwazi. Mwanamke asiyetaka hukaza misuli ya uke bila kujua, ute hautoki, tendo linauma, na mara ya pili anaogopa zaidi ya ya kwanza. Wapo wanaokuwa tayari wiki ya 4, wapo wa mwezi wa tatu, na wote wako sawa. Hudhurio la siku ya 42 ndilo mahali pa kuuliza, mama aseme tu, "Naomba unitazame mshono kabla sijarudi kwa mume wangu."

Michubuko na mchaniko wa ngozi tu hupona haraka. Uliofika kwenye misuli ya msamba, pamoja na kuongezwa njia, hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe ndani ya wiki kadhaa. Mama akiona kipande cha uzi kwenye pedi asishtuke. Mchaniko uliofika kwenye misuli ya haja kubwa ni habari nyingine: huyo asirudi kwenye tendo mpaka aliyemshona au daktari amkague, hata kama damu imekatika na hasikii maumivu.

Sasa ukavu. Anayenyonyesha ana kiwango cha chini cha homoni ya estrojeni, kwa hiyo ukuta wa uke unakuwa mwembamba na ute unapungua. Mume asidhani hapendwi, na mama asidhani ameharibika. Mtoto akianza kupunguza kunyonya, ute hurudi. Kinachosaidia ni kilainishi cha maji kutoka duka la dawa, kipakwe kwenye mlango wa uke na kwenye uume, na kiongezwe kikianza kukauka.

Mara ya kwanza, mtoto anyonye kwanza. Atalala, na matiti hayatajaa. Maziwa yanaweza kuchuruzika wakati wa tendo kwa sababu homoni inayosukuma maziwa ndiyo hiyo hiyo inayotoka mama akifika kileleni, kwa hiyo waweke kanga karibu. Akojoe kabla. Waanze na kushikana na kubusiana bila haraka. Siku nyingine waishie hapo hapo. Mkao mzuri ni mama juu, au wote ubavu, kwa sababu yeye ndiye anayepima kina na kasi, na aliyepasuliwa halaliwi tumboni. Kuvutavuta kidogo kwenye kovu ni kawaida. Maumivu makali ya kuchoma, waache, wajaribu tena baada ya wiki moja au mbili.

Na tafadhali wakemee hili: shabu, ndimu, maji ya chumvi na majani ya "kurudisha ubikira". Shabu inakausha na kukunja ngozi, halafu msuguano unaleta michubuko isiyoonekana, na hapo ndipo maambukizi yanapopita, VVU vikiwemo. Kukandwa mgongo na miguu kwa maji ya moto kiasi hakuna tatizo, lakini maji ya moto yasimwagwe kwenye mshono, yanaunguza. Kinachorudisha nguvu ya nyonga ni mazoezi: akaze misuli kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, ahesabu hadi tano, aachie, arudie mara 10, mara tatu kwa siku. Baadaye afike hesabu ya kumi. Asifanyie mazoezi hayo katikati ya kukojoa.

---

Kliniki ya Mama amejibu:

Mkunga ameeleza kupona. Mimi naongezea kwamba kupona na kushika mimba ni hesabu mbili tofauti, na ya pili haingoji ya kwanza.

Yai hupevuka kabla ya hedhi. Maana yake mama anaweza kushika mimba bila kuona hata tone la damu tangu alipojifungua, kisha akaendelea kudhani ni ziwa linalozuia. Asiyenyonyesha anahitaji kinga kuanzia siku ya 21. Hapo arobaini hata haijafika.

Kunyonyesha kunakinga, tena vizuri, kwa zaidi ya asilimia 98, ila kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya tu, mchana na usiku, bila maji, bila uji, bila maziwa ya kopo. Mchana asipitishe saa 4 bila kunyonya, usiku asipitishe saa 6. Sharti moja likivunjika, kinga imeondoka siku hiyo hiyo. Linalovunjika zaidi ni la tatu: mama anarudi sokoni au shambani, bibi anampa mtoto uji mwepesi mwezi wa tatu, na hakuna anayemkumbusha kwamba sasa hana kinga. Ukipita kwenye kaya, uliza mtoto anakula nini kabla hujauliza lolote. Damu ya wiki 8 za mwanzo haihesabiwi kuwa hedhi kwa anayenyonyesha hivyo.

Kitanzi, wengine wanaita lupu. Cha shaba hakina homoni na hakigusi maziwa. Kinawekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, bora zaidi ndani ya dakika 10 baada ya kondo kutoka, au wakati wa upasuaji kabla kizazi hakijashonwa. Saa 48 zikipita, hakiwekwi mpaka wiki 4 zitimie. Kinafanya kazi papo hapo, hadi miaka 12. Kilichowekwa baada tu ya kujifungua kina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka chenyewe kuliko cha baadaye, kwa hiyo arudi kukaguliwa wiki ya 4 hadi 6. Nyuzi zikimchoma mume, zinapunguzwa au kukunjwa nyuma ya mlango wa kizazi. Asikubali kukitoa kwa sababu hiyo. Mwenye homa na uchafu unaonuka, au damu nyingi isiyodhibitiwa, hawekewi.

Kipandikizi, yaani kijiti. Implanon NXT ni kimoja, miaka 3. Jadelle ni viwili, miaka 5. Anayenyonyesha anaweza kuwekewa hata kabla hajaruhusiwa kutoka wodini. Ganzi inachomwa upande wa ndani wa mkono asioutumia sana, bandeji inabaki saa 48, na mahali pale pasilowe kwa siku 4. Siku hiyo hiyo abonyeze akisikie chini ya ngozi. Asipokisikia aseme kabla hajaondoka.

Sindano ya Depo-Provera ya miligramu 150 inachomwa kila miezi 3. Anayenyonyesha anaanza wiki ya 6. Asiyenyonyesha hata siku ya kwanza. Akichelewa hadi wiki 4 bado anachomwa bila masharti, lakini asiifanye desturi. Ile ya chini ya ngozi, Sayana Press ya miligramu 104, anaweza kufundishwa kujichoma mwenyewe. Aambiwe mapema mambo mawili: damu itavurugika na huenda ikakata kabisa, na akiacha, mimba inaweza kuchelewa, kwa wastani miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Anayetaka mtoto mwingine kwa tarehe fulani achague kitu kingine.

Waliomaliza kuzaa: mirija ya mama inafungwa ndani ya siku 7 za kujifungua au baada ya wiki 6. Ya baba ni upasuaji mdogo zaidi, ila mbegu zilizobaki njiani zinahitaji miezi 3 kwisha, kwa hiyo watumie kondomu muda wote huo.

---

mhudumu_wa_mtaa:

Asanteni sana. Nina mawili yanayonitesa. Huku wazee wanasema wakikutana kabla mtoto hajatembea wanambemenda, na kweli kuna watoto wanadhoofu. Nikisema ni uongo wananionyesha mtoto. Pili, kuna kinamama wamerudishwa nyumbani kliniki, wakaambiwa waje wakiwa kwenye siku zao. Mtu ananyonyesha, siku hana, atazitoa wapi?

---

Kliniki ya Mama:

Hilo la pili linaniumiza, kwa sababu anayerudishwa hivyo mara nyingi anarudi akiwa na mimba. Hakuna njia inayohitaji damu ya hedhi ili ianze. Kinachohitajika ni mtoa huduma kujiridhisha kwamba mama hana mimba, na maswali yake yanajulikana. Moja tu likijibiwa ndiyo, inatosha: Umejifungua ndani ya wiki 4 zilizopita? Una mtoto chini ya miezi 6, ananyonya tu, na hujaona hedhi? Hujakutana na mwanaume tangu ujifungue? Umekuwa ukitumia njia ya kuaminika bila kukosea?

Mfundishe mama atamke mwenyewe: "Mtoto ana miezi mitatu, ananyonya tu, sijaona siku zangu, naomba kijiti leo." Kituo kikigoma, aombe kipimo cha mimba cha mkojo. Na kama bado, aondoke na kondomu mkononi, asiondoke mikono mitupu. Huduma hizi kwenye vituo vya serikali ni bure, asidaiwe hela.

Kinga ya ziada baada ya kuanza: mwenye masharti matatu ya ziwa hahitaji. Mwingine aliyeanza kijiti au sindano nje ya siku zake atumie kondomu siku 7. Vidonge vya wanaonyonyesha, vyenye homoni moja tu, siku 2. Kitanzi cha shaba, hahitaji.

---

lishe_ya_mtoto amejibu:

Kuhusu kubemenda, usianze kwa kuwaambia wazee kwamba ni uongo. Wanachokiona ni cha kweli, wanakosea chanzo tu. Shahawa haziingii kwenye maziwa. Hakuna njia mwilini ya kuzifikisha huko. Maziwa yanatengenezwa kutokana na damu ya mama, na tendo halibadilishi chochote ndani yake, hata jasho au "joto" la mume haligusi.

Mtoto anadhoofu hivi: wazazi wanarudiana bila kinga, mama anashika mimba mtoto akiwa na miezi 5 au 6, maziwa yanapungua kwa sababu ya mimba, halafu bibi anamwachisha ziwa ghafla kwa hofu kwamba maziwa ya mjamzito ni sumu. Mtoto anaangukia uji mwepesi wa unga mtupu, maji yasiyochemshwa, kuhara, na ndani ya wiki chache mashavu yamekwisha. Waeleze wazee kwamba walichokuwa wakikilinda ni nafasi kati ya mtoto na mtoto, na leo kitanzi au kijiti kinailinda nafasi hiyo bila mume kulala nje. Mashirika ya afya yanashauri angalau miezi 24 tangu kujifungua mpaka kushika mimba nyingine. Ukiieleza hivi, bibi anakuwa upande wako.

Imani hii ina madhara mengine mawili. Mama mwenye mtoto mgonjwa anaogopa kumleta kliniki kwa kuwa kijiji kitasema amembemenda. Mtoto huyo apimwe uzito na mzingo wa mkono haraka, ukanda ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali na anahitaji matibabu, si matambiko. Na mume aliyekatazwa mwaka mzima anatafuta nje. Akirudi na VVU vipya na mama akaambukizwa akiwa ananyonyesha, virusi vinakuwa vingi mno mwilini katika wiki za mwanzo na hatari kwa mtoto inapanda sana. Kwa hiyo mama anayenyonyesha asiye na uhakika na mwenzake atumie kondomu hata kama ana kijiti, na wapimwe tena wote wawili.

---

mfamasia_wa_zamu amejibu:

Naongezea ya upande wa dirisha la dawa. "Vidonge vya majira" viko vya aina mbili na watu wanavichanganya dukani kila siku. Mama anayenyonyesha anatakiwa vile vyenye homoni moja tu, kama Microlut: pakiti ya vidonge 35, vyote vina dawa, ikiisha leo unaanza nyingine kesho bila kupumzika. Anaweza kuanza mapema baada ya kujifungua. Saa ni ile ile kila siku. Ukichelewa zaidi ya saa 3, meza mara ukumbukapo na tumia kondomu siku 2. Aweke kengele ya simu. Akitapika ndani ya saa 2, ameze kingine.

Vile vya pakiti ya 28, yaani 21 vya homoni na 7 vya madini ya chuma, vina estrojeni. Inaweza kupunguza maziwa, na damu ya mama aliyejifungua karibuni tayari ina tabia ya kuganda kwenye mishipa. Estrojeni inaongeza hatari hiyo. Anayenyonyesha asivitumie kabisa kabla ya wiki 6, na ni vyema asubiri hadi miezi 6. Asiyenyonyesha asivianze kabla ya siku ya 21, na kama alipasuliwa, alivuja damu nyingi, ni mnene sana au alipata kifafa cha mimba, angoje wiki 6. Presha ikiwa 140/90 au zaidi, vidonge hivi si vyake. Kwa hiyo asichukue pakiti ya shoga yake aliyejifungua mwaka jana.

Uliza dawa nyingine anazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu, dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, na efavirenzi ya VVU zinapunguza nguvu ya vidonge na vijiti. Sindano ya Depo na kitanzi cha shaba haziathiriki. Walioko kwenye TLD, dawa ya VVU yenye dolutegravir, hawana tatizo hilo kwa vijiti.

P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, inaruhusiwa kwa anayenyonyesha: miligramu 1.5 kwa mara moja, mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72 tangu tendo bila kinga. Hadi saa 120 bado inaweza kusaidia lakini nguvu inapungua. Kabla ya siku ya 21 baada ya kujifungua haihitajiki. Si njia ya kila wiki; anayeinunua mara mbili kwa mwezi mpeleke kliniki akachague njia.

Vilainishi: mafuta ya nazi, Vaseline na losheni vinadhoofisha mpira wa kondomu, inapasuka katikati ya kazi. Na kondomu, cha maji tu. Asiyetumia kondomu anaweza kutumia mafuta safi ya nazi kwa kiasi, ila yasiyo na manukato.

---

Mkunga Mwandamizi:

Namalizia na yale ambayo mama asiambiwe "vumilia, ni kawaida". Tendo likiendelea kuuma baada ya kujaribu kwa upole na kilainishi kwa mwezi mmoja hivi, akaguliwe. Mara nyingine kwenye mshono kunaota kinyama chekundu kinachotoka damu kikiguswa. Kinachomwa kwa dawa kliniki na kinaisha. Mara nyingine mshono ulikazwa kupita kiasi, au misuli imekaza kwa hofu, na vyote vina tiba.

Mkojo au kinyesi kinachovuja chenyewe ukeni mchana na usiku ni fistula, hata kama umri wa mtoto ni wiki mbili. Mama huyo hajalogwa. CCBRT Dar es Salaam wanatibu bure, mwandikie rufaa.

Damu ikirudi ghafla nyekundu na kujaza pedi ndani ya saa moja, homa ya 38 au zaidi, uchafu wenye harufu mbaya, tumbo la chini kuuma sana, au mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu: kituo cha afya siku hiyo hiyo, usiku usiwe kisingizio. Na ukimkuta mama analia mara kwa mara, halali hata mtoto akilala, hataki kuguswa wala kumshika mtoto kwa zaidi ya wiki mbili, usimpe kijiti ukaondoka. Kaa naye, mweleze mumewe akiridhia, na mpeleke aonwe kwa ajili ya sonona.